Nyumba ya Rīpeka Iliyovuka Barabara

KITUO CHA POLISI TE RAUWHATA, HOKIANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Malalamiko ya Bw. Clement Pendergast kwamba nyumba yake ya mbao, ya ghorofa moja, imeondolewa kwenye kiwanja chake bila idhini, naye akiwa ndani.

Jina la shahidi: Makareta Hōterene
Umri: Miaka 71
Kazi: Mpishi wa shule (mstaafu), mwimbishaji wa marae, uwanja wa mikutano ya ukoo, ya Te Rauwhata
Makazi: Nyumba ya tatu baada ya daraja, barabara ya marae
Tarehe na saa: Jumatatu, 16 Septemba 2019, saa 3:10 asubuhi

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu nikiwa na akili timamu. Anayeandika ni Konstebo Tīpene Rewiti, ambaye ni mtoto wa kaka yangu na ambaye nilimfuta kamasi kabla hajajua kushika kalamu. Ameniambia niseme ukweli mtupu na nisitie chumvi. Ameniambia pia kwamba niko hapa kama shahidi, kwa sababu amewauliza watu themanini na wawili nani mtuhumiwa na wote wamemjibu hawajui. Aandike kwamba sijamwomba anifiche.

Nyumba inayozungumzwa naifahamu tangu nizaliwe. Ni ya mbao tupu za mti wa mkauri, kuanzia sakafu hadi vigae vya paa. Mlango uko katikati, madirisha mawili kila upande, na juu kuna madirisha matano yamepangwa mstari mmoja. Ukichora picha yake na kuikunja katikati, nusu hii inalala sawasawa juu ya nusu ile. Wataalamu wanauita mtindo wa Kijoji, kwa ajili ya wale wafalme wanne wa Kiingereza walioitwa Joji. Sina ugomvi na hao akina Joji, ila hakuna hata mmoja wao aliyeshika msumeno katika shimo la kupasulia magogo hapa Te Rauwhata.

Sisi tunajua waliopasua. Ni kaka zake Rīpeka, binti wa ukoo wetu. Mnamo mwaka 1838 Rīpeka aliolewa na Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa mbao, Josiah Pendergast, na kaka zake wakamjengea dada yao nyumba hii bondeni, karibu na kijito, kwenye ardhi yetu. Mwaka 1866 Rīpeka alifariki. Pendergast akaoa mke wa pili, bibi wa Kiingereza aitwaye Adelaide, naye hakupenda bonde. Alitaka kuona bahari. Basi mwaka 1868 ukoo wetu ukaombwa kuivuta nyumba nzima kwa kamba na magogo hadi juu ya kilima, na ukaivuta. Hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo. Tulichobaki nacho ni wimbo wa kuvutia uliotungwa siku ile.

Mnamo tarehe 5 Agosti mwaka huu alikuja Bi. Philippa Garland, mtaalamu wa majengo ya kale, kutoka Auckland. Alikaa siku mbili akipima nyumba na kugonga kuta kama daktari anayesikiliza kifua. Tulimlisha vizuri. Akatuambia kwa masikitiko kwamba nyumba ni nzuri sana lakini haina thamani ya urithi. Hati ya kiwanja cha kilimani ni ya 1868, na mwaka huo mtindo wa Kijoji ulikuwa umeshapitwa na wakati. Kwa hiyo, kwa maoni yake, ilikuwa nyumba ya kuiga, iliyojengwa kwa kuchelewa na mtu asiyefuata mitindo.

Nilimwambia habari za bondeni. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini kamati haiwezi kuandika wimbo kwenye safu ya ushahidi." Kamati hiyo inakaa Ijumaa hii, tarehe 20. Ikikataa kuiorodhesha nyumba, Bw. Clement Pendergast ana ruhusa ya kuibomoa, na tingatinga limeshaagizwa.

Konstebo ananiuliza uhusiano wangu na Bw. Clement. Ni jirani yangu. Ana miaka sabini na minane, hajaoa, na anapika chai mbaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tumetaniana kwa miaka arobaini. Mimi humwita Mfalme Joji wa Tano, yeye huniita Wizara ya Kelele. Alipopewa taarifa ya Bi. Garland alinipungia nayo juu ya ua. "Umeona? Ya kuiga! Naivunja, najenga vibanda vya watalii, nikale raha Australia."

Nikamwambia, "Australia watakurudisha na posta ya kwanza."

Alicheka. Lakini usiku huo sikulala. Aandike hivyo, kwamba sikulala.

Kuanzia tarehe 29 Agosti mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo na ukingo wa kilima upande wa bahari ukaporomoka. Nyuma ya nyumba kukabaki hatua nne za ardhi. Baraza la wilaya likatoa ruhusa ya dharura: nyumba isogezwe mita sita mbele, isiangukie gati na mashua zilizo chini. Bw. Clement alitia saini. Alisema hata kama ataibomoa, anataka aibomoe yeye, si mvua.

Kazi ilipewa Bw. Dougal Strachan, ambaye maisha yake yote amekuwa akihamisha nyumba. Alibomoa mabomba ya moshi ya matofali yaliyoegemea kuta za pembeni, akainua nyumba kwa jeki, akapitisha vyuma chini yake, na chini ya vyuma akaweka magurudumu mafupi ya kuviringika juu ya mbao ndefu zilizotandikwa kama reli. Kilichomshinda ni lori lake lenye winchi. Lilizama kwenye tope nusu ya njia ya kilima na likakataa kwenda mbele wala nyuma.

Jumatano, tarehe 11 Septemba, saa moja jioni, tulikutana marae. Bw. Strachan alisimama na kofia mkononi akasema anahitaji watu themanini wa kuvuta, na trekta moja nyuma ya kuizuia isikimbie, kwa kuwa mbele ni mteremko. Mume wangu Eruera akajitolea na trekta lake. Kuhusu watu hakukuwa na shida. Palipoahidiwa hangi, nguruwe na viazi vitamu vya kuokwa shimoni kwa mawe ya moto, majina yalijaa kabla kalamu haijapata moto. Kisha Bw. Strachan akauliza nani atawapigia mwendo ili wavute pamoja. Wote wakanigeukia.

Nikasema nitaimba wimbo wa nyumba yenyewe.

Bw. Strachan akasema, "Safi sana, Mama." Hakuna aliyeniuliza wimbo una urefu gani.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba, kulipambazuka anga likiwa safi. Saa tatu asubuhi watu walikuwa wamefika kilimani na viatu vya mpira na mikate ya kukaanga mifukoni. Kamba zilikuwa mbili, ya kulia na ya kushoto. Bi. Garland alikuwapo na kamera. Bw. Strachan alipita ndani ya nyumba chumba kwa chumba kuhakikisha hamna mtu, akafunga mlango wa mbele, akashuka. Bw. Clement alikuwa amesimama kando akiwa na uso wa mtu asiye na neno na mtu. Baadaye ilijulikana kwamba aliingia tena kwa mlango wa jikoni.

Saa nne na dakika ishirini nilisimama mbele ya nyumba, kati ya kamba mbili, nikaanza.

Lazima nieleze wimbo huu ulivyo, maana kesi yote iko hapo. Una beti kumi na tisa. Umetaja mahali pote nyumba ilipopita mwaka ule, kutoka bondeni hadi juu. Kwa kuwa safari hii tulikuwa tunashuka, niliugeuza, nikaanza na ubeti wa mwisho, na hapa nazihesabu beti kama nilivyoziimba. Neno la mwisho la kila ubeti ndilo linalofungua ubeti unaofuata, uuimbe kwa kupanda au kwa kushuka, hivyo hauna mahali pa kupumzika. Na wimbo wa kuvutia haukatwi katikati. Ukikatika ni mkosi kwa wanaovuta na kwa kinachovutwa pia. Hilo mtoto wa Te Rauwhata analijua kabla hajajua kuhesabu.

Niliita, "Nani kasimama kilimani?"

Wakajibu, "Nyumba!"

"Nani walipasua mbao zake?"

"Wajomba!"

"Nani kachoka na upepo?"

"Nyumba!"

Na katika kila jibu wakavuta. Nilihisi ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Nyumba ililia mara moja, mlio mrefu wa mbao kavu, kisha ikaja. Jamani, ilikuja! Ilikuja wima, vioo vyote mahali pake, paa likitingishika kidogo tu kama kofia ya bibi anayekwenda kanisani. Watu walipiga kelele za furaha huku wakijibu, na mimi machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Ubeti wa kwanza ulitupeleka karibu mita tano. Katika ubeti wa pili, Bw. Strachan alinyanyua bendera yake nyekundu na kusema, "Mita sita! Basi! Asanteni!" Lakini ubeti wa pili ulikuwa umeshafungua wa tatu.

Akasema, "Mama! Mita sita!"

Nilimsikia. Singeweza kumjibu, kwa sababu kumjibu ni kukata wimbo. Akawageukia wavutaji. "Simameni!" Kijana wa kwanza kwenye kamba ya kulia akamwambia, "Mwambie yeye, mzee. Mimi hapa navuta tu."

Akamwendea Eruera kwenye trekta. "Ni mke wako. Mzuie."

Eruera akasema, "Mwaka wa arobaini na nane huu najaribu."

Bw. Strachan ni fundi, na fundi akiona mbao za reli zinakaribia kuisha chini ya nyumba ya tani thelathini hana muda wa kukasirika. Aliitupa bendera. Aliwaita watu wake waondoe mbao za nyuma na kuzikimbiza mbele. "Huyu mama ataimba tu," alisema. "Bora aimbe juu ya mbao zangu." Kuanzia hapo alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na aandike kwamba hana kosa lolote.

Karibu saa nne na dakika arobaini dirisha la katikati la juu lilipandishwa, na Bw. Clement akatoa kichwa. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai.

"Nyie!" alisema. "Mnaipeleka wapi nyumba yangu?"

Eruera alimjibu kutoka nyuma, "Kunywa chai yako, mzee, tusije tukakumwagia!"

"Nitawapigia polisi!"

"Piga!" watu wakasema, na katika kusema hivyo walivuta tena. Nilimwona akichukua simu na kuiweka sikioni.

Ua wa waya wa chini ya kiwanja ulivunjika saa tano na dakika tano. Nguzo tatu. Hizo ni kweli na tutazilipa kwa nguzo bora zaidi. Kisha tukafika barabarani. Lori la kubebea maziwa lilikuwa limesimama upande mmoja na magari mawili upande mwingine. Dereva wa maziwa alishuka, akatazama nyumba ya Kijoji ikivuka lami mbele yake na mzee dirishani, akauliza kamba ipi ina nafasi. Magari hayo mawili yalitoa watu saba zaidi. Nyumba ilikuwa barabarani kwa dakika kumi na nne. Konstebo ananiuliza kama nilijua kwamba kuziba barabara ni kosa. Nilijua. Ilikuwa raha sana.

Bi. Garland ndiye aliyenitia huruma. Alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yangu, mikono hewani. "Mama Makareta, tafadhali! Nyumba ikitoka mahali pake inapoteza hata ile thamani kidogo iliyokuwa nayo! Unaiua!" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Nilitamani kumshika mkono. Badala yake nikaimba ubeti wa kumi na mbili, unaosema, "Pita kwenye mfereji, tumbo la ardhi linakukumbuka," nikamwonyesha kwa kidevu.

Alitazama chini. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi zetu, kuna bonde dogo jembamba lililonyooka ambalo watoto huteleza humo wakati wa mvua. Alikuwa amesimama ndani yake. Alitazama upana wake, akatazama upana wa nyumba. Mikono yake ikashuka. Baada ya hapo alitembea tu mbele yetu akiinama na kutazama majani.

Sasa ubeti wa kumi na saba. Naomba Konstebo asiandike haraka hapa.

Wimbo huu ulitungwa na Mere, binti mkubwa wa Rīpeka. Mere ndiye aliyemzaa bibi yangu, na bibi akamzaa mama yangu. Siku nyumba ilipovutwa juu, Mere alikuwa mtu mzima na alibaki bondeni na wajomba zake. Lakini mdogo wake, Hēnare, alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alimtaka aende kilimani akalelewe na Adelaide. Alipelekwa ndani ya nyumba. Huko juu aliitwa Henry, na katika kitabu cha ukoo wa Pendergast ameandikwa kama mtoto wa Adelaide. Henry huyo ndiye babu yake Bw. Clement. Sisi tulijua. Wao hawakutaka kujua, na wazee wetu walituagiza tusimlazimishe mtu undugu.

Niliita:

"Hēnare analia dirishani,
mkono wake juu ya kioo.
Usilie, mdogo wangu,
nyumba ikienda—"

Na watu wote wakajibu, "Itarudi!"

Bw. Clement anasikia Kimaori kuliko anavyokiri. Alikuwa bado dirishani. Alishusha kikombe.

"Hēnare yupi?" alisema.

Sikuweza kumjibu. Hilo ndilo lililoniuma siku nzima, kwamba aliuliza swali nililomngojea aulize miaka arobaini na mdomo wangu ulikuwa umeshikwa na wimbo. Niliendelea na ubeti wa kumi na nane huku nikimtazama. Akauliza tena, safari hii kwa upole. "Makareta. Hēnare yupi?"

Watu wa kamba zote mbili, waliokuwa wakivuta, wakasema kwa pamoja, "Babu yako!"

Aliondoka dirishani. Niliogopa ameanguka. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, naye akasimama pale, mlango ukiwa juu ya ardhi kiasi cha kifua cha mtu, bila kikombe, akitutazama sote mmoja mmoja.

Ubeti wa kumi na tisa unasema, "Lala hapa penye mawe mawili ya moto." Niliumaliza saa sita na dakika tano. Nikanyamaza, na nyumba ikasimama.

Kwenye nyasi zetu karibu na kijito kuna meko mawili ya mawe, ya zamani, yamezama ardhini nusu. Tumekuwa tukiyaita meko ya Rīpeka na kuchoma kome juu yake kila sikukuu. Kusema kweli nyumba haikuyafikia. Ilisimama hatua moja na nusu kabla. Konstebo aandike hilo, maana wapo wanaosema ilitua yenyewe kama ndege.

Bi. Garland alilala kifudifudi kwenye tope na koti lake zuri, akamulika kurunzi chini ya sakafu. Katika taarifa yake alikuwa ameandika kwamba sakafu ina "viraka viwili visivyoeleweka", kimoja kila upande. Alitoka akiwa na tope hadi kwenye nyusi, akapima kwa futikamba kutoka kiraka hadi kiraka. Mita saba na sentimita thelathini na moja. Akaenda kupima kutoka meko hadi meko. Alipima mara mbili: ni ileile. Kisha akachimba kwa vidole kwenye nyasi mahali ambapo kona ya nyumba ingekaa, akakuta kisiki cha kubebea nyumba, cha mpuriri, ule mti usiooza, kimekatwa mraba kwa tezo. Akakaa chini palepale akaanza kucheka.

"Mita saba thelathini na moja," alisema. "Viraka viliziba mahali meko haya yalipopita sakafuni. Haikuigwa. Haikuchelewa hata siku moja. Iko sawa na wakati wake, ila mimi nilikuwa naitazama mahali ambapo si pake!" Kisha akainuka akajifuta. "Bado hatua moja na nusu. Mnangoja nini?"

Nikamwambia wimbo umekwisha, sina neno jingine la kuvutia.

"Basi vuteni kwa langu," alisema, na akapaza sauti, "Moja, mbili, tatu!" kwa ile sauti yake ya maktaba. Watu walicheka hadi kamba zikalegea. Ikabidi tusukume kwa mabega. Eruera alimshusha Bw. Clement mlangoni, naye akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, akaweka bega lake kati ya bega la dereva wa maziwa na la Bw. Strachan. Baada ya kidogo akatugeukia.

"Mnasukuma kama mnabembeleza mtoto," alisema. "Sukumeni!"

Saa sita na dakika ishirini na tano viraka viwili vilikuwa juu ya meko mawili. Tukala. Nguruwe alikuwa ameiva hadi nyama inaachia mfupa, na Bi. Garland alikula sahani tatu akiwa anaongea na simu na kamati yake. Amewaandikia barua mpya ya kurasa kumi na moja, na nimeambiwa katika safu ya ushahidi ameandika beti zote kumi na tisa.

Bw. Clement alikuja na sahani yake akakaa karibu nami kwenye nyasi. Hatukutaniana. Aliniuliza, "Sasa mimi kwako ni nani?" Nikahesabu kwa vidole, ingawa nilikuwa nimeshahesabu zamani. Bibi yangu na baba yake ni watoto wa ndugu. Mama yangu na yeye ni kizazi kimoja. Nikamwambia, "Kwa bahati mbaya, wewe ni mjomba wangu." Nilijua tangu zamani kwamba siku nikilisema hilo itabidi nimheshimu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kukawia.

Akasema, "Basi niletee chai, mtoto wa dada."

Nilimletea. Ilikuwa chai nzuri, na alikiri.

Konstebo amebakiza swali moja. Ananiuliza kama nilikusudia. Amelirudia mara mbili na anataka jibu la ndiyo au hapana, kwa sababu kama ilikuwa ajali ya wimbo kuna fomu moja, na kama nilikusudia kuna nyingine.

Mama yangu alisugua sakafu ya nyumba ile miaka thelathini na mmoja. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa akipiga magoti juu ya viraka vile viwili na kuvipaka nta, akiimba kwa chini ili bwana wa nyumba, babake Clement, asisikie, na mimi nikiwa nimekaa na ndoo. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaimba wimbo wa kuvuta wakati hakuna kinachovutwa. Akasema, "Ili usiusahau, kwa sababu huu ukianza utamalizika wenyewe." Nilikuwa na miaka tisa.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Nilikusudia. Nimekuwa nikikusudia kwa miaka sitini na miwili, na mvua iliponipa mita sita nikazichukua.

Yote niliyoyasema hapa ni yangu na ni kweli, nimesomewa na nimeyakubali, isipokuwa mahali Konstebo alipoandika "kelele" nimemwomba aandike "wimbo".

(Sahihi) M. Hōterene

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi neno kwa neno, amesahihisha sehemu moja. Kwa mujibu wa kanuni ninapaswa kutamka kwamba shahidi ni shangazi yangu. Ninapaswa pia kutamka kwamba simu ya malalamiko iliingia tarehe 14 Septemba saa 4:41 asubuhi, na niliipokea nikiwa nimeshika kamba ya kushoto, nafasi ya sita. Kwa sababu hizo ninalikabidhi jalada hili kwa kituo kingine.

Mlalamikaji, Bw. Pendergast, alikuwa amekaa barazani muda wote akimngoja shahidi ili amrudishe kwa gari. Nilimuuliza kama anaondoa malalamiko. Amekataa, amesema ana haki ya kulipwa nguzo tatu na kikombe kimoja kilichovunjika. Aliomba tu arekebishe fomu yake. Katika nafasi ya "Uhusiano wa mlalamikaji na mtuhumiwa" alikuwa ameandika "jirani". Amelikata neno hilo kwa mkono wake mwenyewe na kuandika juu yake "mjomba", kisha akaniuliza kama limeandikwa sawasawa. Nimemwambia ndiyo.

(Sahihi) Konst. T. Rewiti, 16/9/2019, saa 5:35 asubuhi